Risasi ipi, na bega lako litaivumiliaje: mwongozo kwa anayeanza kulenga shabaha

Maswali ni matatu na huja kwa mpangilio uleule. "Kaka, risasi gani ina nguvu zaidi?" Wiki moja baadaye: "Kaka, mbona bega langu limevilia damu?" La tatu huja kwa sauti ya chini: "Hivi mtu akitaka kuirudisha bunduki dukani anafanyaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye foleni ya pantoni pale Feri, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Hapa Dar wanaoniuliza ni watu wa namna tatu. Yupo mwenye leseni mpya anayetaka kuanza uwindaji. Yupo mlinzi aliyezoea shotigani na sasa amekabidhiwa bunduki ya masafa marefu. Na yupo kijana aliyepita JKT, akashika SMG siku chache, akarudi mtaani na hadithi ndefu. Wote wanaamini kwamba teke la bunduki, yaani namna inavyokusukuma nyuma ikifyatuliwa, ni mtihani wa uanaume. Si kweli. Ni suala la uzito, mkao na mazoea, na dada zetu wanaofuata maelekezo kwa kawaida huwashinda kaka zao ndani ya wiki ya kwanza.

Kabla hujaanza

Silaha ni ya leseni, na leseni hutolewa na Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. SMG, yaani ile ambayo dunia nzima inaiita AK-47, si silaha ya raia, hata ungekuwa na pesa za kununulia ghala zima. Ninapozungumzia risasi za kijeshi hapa nina maana ya risasi zilizozaliwa jeshini na leo zinatumika pia kwenye bunduki za uwindaji za kukoki kwa mkono. Mwulize ofisa wa silaha kama risasi unayoitaka inaruhusiwa kwenye leseni yako kabla hujalipa hata shilingi.

Uwe na vitu hivi:

- Msimamizi mwenye uzoefu na mahali palipoidhinishwa pa kulengea shabaha. Shamba la mjomba huko Mkuranga si renji.
- Viziba masikio vya aina mbili: vya kuingiza ndani ya sikio na vya kufunika juu yake. Vyote viwili kwa wakati mmoja.
- Miwani ya kukinga macho.
- Shati zito au koti jepesi. Fulana ya mpira wa miguu haifai, na kwa akina dada, kamba ya begi au kifungo kikubwa kisikae begani.
- Viroba viwili vya mchanga. Mchanga uwe mkavu, la sivyo vitakuwa vigumu kama tofali.
- Risasi bandia tano zinazolingana na bunduki yako, zisizo na baruti wala fataki (kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda).
- Mizani ya kawaida ya bafuni.
- Daftari. Ndiyo, daftari.

Hatua ya 1: Soma maandishi kwenye mtutu, kisha soma kitako cha ganda

Hapa ndipo wengi wanapokosea, tena kosa lenyewe ni la hatari. Mtu anakwambia, "Bunduki yangu ni 7.62," kana kwamba amemaliza. Hajasema kitu. 7.62 ni upana tu kwa milimita. Namba inayofuata ndiyo urefu wa ganda, na ndiyo inayotofautisha ndugu wasioweza kukaa chumba kimoja:

- 7.62x39 ndiyo ya SMG na SAR (ile ya nusu-otomatiki, SKS). Warusi waliibuni mwaka 1943.
- 7.62x51 ndiyo iliyopitishwa na NATO mwaka 1954, ikabebwa na bunduki za kijeshi za FAL na G3. Ndugu yake wa kiraia ni .308 Winchester.
- 7.62x54 ina ukingo kwenye kitako cha ganda. Ilianza na bunduki ya Warusi, Mosin-Nagant, mwaka 1891 na mpaka leo ipo kazini kwenye bunduki za mtambo.

Ongeza na wale wanaopimwa kwa inchi: .303 ya Waingereza, .30-06 ya Wamarekani ya mwaka 1906. Kuna 8x57 ya Wajerumani pia. Ukizimwaga zote juu ya meza, mgeni ataona risasi ndefu na fupi, basi.

Niliwahi kumshika mkono bwana mmoja aliyekuwa anaingiza .308 kwenye bunduki ya .30-06. Aliniambia, "Mbona inaingia?" Inaingia kwa sababu ni fupi! Lakini ganda halina kinacholiegemeza mbele, kwa hiyo linaweza kupasuka na gesi ya moto ikarudi usoni mwa mpigaji. Kuingia si kulingana.

Ukiwa na bunduki iliyoandikwa .223 peke yake, usitie ndugu yake wa kijeshi, 5.56x45, ndani yake, maana mgandamizo wake unaweza kuzidi kile ambacho chemba hiyo, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ilitengenezewa. Maandishi ya mtutu yakiwa yamefutika, au mtu amebadilisha mtutu bila kuandika upya, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni. Usibahatishe.

Hatua ya 2: Amua kazi kabla ya kuamua nguvu

Andika kwenye daftari: nitapiga nini, na umbali gani? Kama jibu ni karatasi mita 100, anza na .22, risasi ndogo yenye teke dogo sana, kisha .223. Imetosha. Kama ni swala na wanyama wa ukubwa huo kwa kibali halali, basi .303, .308, .30-06 au 8x57 zinafanya kazi moja, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko kelele za mashabiki wake. Nyati ni habari nyingine. Kwa nyati watu huanzia .375 ya Holland & Holland, risasi ya wawindaji ya mwaka 1912 ambayo haikutoka jeshini kabisa. Usinunue bunduki ya nyati kama nyati wako ni karatasi.

Ukibishana nami, waulize wanajeshi wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi za Magharibi zilishikilia risasi nzito, 7.62x51. Ilipofyatuliwa mfululizo, bunduki ilipanda juu na askari wengi hawakuweza kuituliza. Wamarekani wakahamia 5.56 wakati wa vita vya Vietnam, Warusi wakashuka hadi 5.45x39 mwaka 1974, na NATO nzima ikapitisha 5.56 mwaka 1980. Kwa risasi ndogo askari anabeba nyingi zaidi kwa uzito uleule, na anailenga tena haraka baada ya mlio. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani likachagua 6.8x51, yaani limerudi kwenye uzito, kwa sababu za kwao zinazohusu fulana za kuzuia risasi. Wewe huna adui mwenye fulana ya kuzuia risasi. Una karatasi.

Hatua ya 3: Pima bunduki kwenye mizani

Simama kwenye mizani ukiwa umebeba bunduki isiyo na risasi, kisha bila bunduki, utoe tofauti. Teke linatokana na mambo matatu: uzito wa kichwa cha risasi na kasi yake, wingi wa baruti, na uzito wa bunduki. La tatu ndilo unaloweza kulichagua bila kubadilisha risasi. Bunduki ikiwa nzito maradufu kwa risasi ileile, nguvu ya teke hupungua nusu.

Nimefanya hesabu ya mkono kwa bunduki za uzito wa kawaida. Ili upate picha, jouli 10 ni sawa na pakiti ya sukari ya kilo moja ikidondoka kutoka urefu wa mita moja.

- 5.56x45, bunduki ya kilo 3.5: kama jouli 5.
- 7.62x39, kilo 4: kama jouli 7.
- 7.62x51, kilo 4.3: kama jouli 15.
- .303, kilo 4: kama jouli 16.
- .30-06, kilo 4.3: kama jouli 17.
- .375, kilo 4.2: kama jouli 50, yaani mfuko wa sembe wa kilo tano.

Angalia pengo kati ya SMG na .303. Kijana wa JKT akikwambia amezoea teke, amezoea jouli saba.

Mfano mzuri wa uzito ni Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza. Ile namba 4 ina uzito wa kilo 4 na ushee, na wengi wanaivumilia. Mwaka 1944 Waingereza wakatoa namba 5, fupi, ya kilo 3.2, kwa ajili ya vita vya msituni. Risasi ni .303 ileile. Ikapata sifa mbaya ya kupiga mabega, na kile kipande chembamba cha mpira kilichowekwa kwenye kitako kilikuwa kinakazia teke mahali padogo badala ya kulisambaza. Kwa hiyo muuzaji akikusifia bunduki kwa wepesi, mwulize ni wepesi kwa nani: kwa mbebaji au kwa mpigaji?

Hatua ya 4: Pima kitako kwa mkono wako

Bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, kunja kiwiko nyuzi 90, weka kitako ndani ya kona ya kiwiko. Kidole cha shahada kinapaswa kufika kwenye triga bila kujinyoosha. Kitako kirefu mno kinakulazimisha kukiweka juu ya msuli wa mkono. Kifupi mno kinaleta kidole gumba kwenye pua na darubini kwenye nyusi.

Kama kuna darubini, acha nafasi ya sentimita 8 hadi 9 kati ya jicho na kioo. Usiikaribie ili uone vizuri. Isogeze darubini yenyewe kwenye vishikizo vyake.

Mpira wa kitako unasaidia, ukiwa mpana na laini. Nimeona mtu amefunga kipande cha sponji ya godoro kwa gundi ya kiatu. Kwa risasi tatu ilikuwa raha, ya nne sponji ikateleza na kitako kikaenda kwenye mfupa. Ukitaka mto wa bega, mpe fundi cherehani akushonee wa ngozi na sponji ngumu, unaovaliwa begani na kubaki hapohapo.

Hatua ya 5: Jifunze kusimama ukiwa na bunduki tupu

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Mguu wa kushoto mbele kidogo kama unatumia mkono wa kulia, magoti yasikakamae. Egemea mbele. Waanzaji wengi huegemea nyuma, kama mtu anayebeba ndoo ya maji iliyojaa, kwa sababu bunduki ni nzito na wanaiogopa. Ukiegemea nyuma, teke linakumalizia safari uliyokwisha kuianza.

Tafuta shimo la bega: inua kiwiko cha kulia kidogo, kisha papasa chini ya mfupa wa mtulinga, kati ya kifua na msuli wa mkono. Kuna kibonde laini. Kitako kinakaa pale, chote, si ncha yake. Kivute kwa nguvu ya kupeana mkono na mzee unayemheshimu: imara, bila kukaba. Kitako kikiachwa mbali na bega hata kwa kidole kimoja, bunduki inapata nafasi ya kuongeza mwendo kabla ya kukufikia, na hapo inakuwa ngumi. Kikiwa kimegusa, bunduki na mwili wako vinarudi pamoja, na wewe una kilo sitini au themanini za kusaidia.

Shavu liwe juu ya kitako, mahali palepale kila mara. Meno yafungwe bila kukazwa.

Fanya hivi mara hamsini nyumbani, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Fyatua kwa risasi bandia. Weka sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu karibu na mdomo. Ikidondoka kila unapobana triga, bado unavuta kwa mkono mzima badala ya kidole.

Ukipita makutano ya Samora na Maktaba, tazama Sanamu la Askari lililozinduliwa mwaka 1927. Yule bwana wa shaba ameelekeza bunduki yake bandarini huku mwili wote ukiwa umeinama mbele. Mchongaji alikuwa anaonyesha vita, lakini mimi huwaambia wanafunzi wangu waende wakatazame kiuno na miguu.

Hatua ya 6: Risasi halisi, lakini chache

Anza na .22 mpaka uache kufumba macho. Kisha panda ngazi moja, si tatu. Siku ya kwanza na bunduki ya daraja la .308 au .303, risasi kumi zinatosha. Siku ya kwanza na .375, tatu. Mwenzangu mmoja alipiga arobaini kwa siku kwa sababu alikuwa ameshalipia. Alikuja kutumia miezi miwili kujiondolea woga alioununua siku hiyo.

Piga ukiwa umesimama kwanza. Mezani kunaonekana rahisi, ila mwili ukiwa umebanwa na kiti hauna pa kurudi, na bega linapokea kila kitu. Kulala kifudifudi na bunduki nzito ndiyo mbaya zaidi kwa mgeni. Ukilazimika kukaa mezani, inua kiti ili ukae wima, na weka kiroba kidogo cha mchanga kati ya kitako na bega.

Hatua ya 7: Mtego wa risasi bandia

Mwombe msimamizi ajaze magazini bila wewe kuona, achanganye risasi bandia na halisi. Lenga na fyatua. Ikija bandia, utajiona mwenyewe: mdomo wa mtutu unachimba chini, macho yanafumba, bega linasukuma mbele, na hakuna mlio wowote. Huo ndio woga wa teke. Hutauona kwa njia nyingine, kwa sababu mlio wa risasi halisi unauficha. Endelea mpaka bandia ikija mtutu usitikisike.

Nusu ya woga huo ni wa sauti. Ndiyo maana nasisitiza viziba masikio viwili. Baadhi ya bunduki zina kifaa cha matundu mdomoni kinachopunguza teke, ila kinamrudishia mpigaji na jirani yake mlio mkali zaidi. Kwa mgeni mara nyingi ni hasara.

Hatua ya 8: Usiache bunduki ilale na chumvi

Risasi za zamani za kijeshi nyingi zina fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hunyonya unyevu. Kwa hewa ya bahari ya Dar, ukisema utasafisha kesho, kesho utakuta kutu. Kwanza maji ya moto ndani ya mtutu, kausha kabisa, kisha mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi.

Risasi nazo zisikae kwenye gari juani. Baruti iliyopata joto huongeza mgandamizo, kwa hiyo teke pia. Wala usipige risasi zilizolowa. Mwaka 1915 askari wa Kijerumani waliopoa shehena ya risasi kutoka meli iliyozama kaskazini mwa Tanga, wakazikausha na kuzitumia, na nyingi ziligoma kulipuka. Wao hawakuwa na duka.

Kosa moja ambalo silisamehe

Kumpa mgeni bunduki nzito bila kumwambia, ili umrekodi akipepesuka. Niliona binti akifanyiwa hivyo na mjomba wake, kwa .375. Darubini ilimchana nyusi, na bunduki ikamponyoka. Wote walikuwa wanacheka mpaka walipoona mtutu umeelekea wapi ulipotua. Hakurudi tena, na sikumlaumu.

Mambo yakienda kombo

*Mchubuko uko juu ya mkono, si begani.* Kitako kinakaa kwenye msuli. Rudi hatua ya 5, inua kiwiko.

*Maumivu yako kwenye mtulinga.* Umekiweka juu mno, au shingo imeinama kufuata bunduki. Ilete bunduki kwenye shavu, usipeleke shavu kwenye bunduki. Ukiacha kupiga na maumivu yanadumu zaidi ya siku chache, nenda hospitali.

*Risasi zote zinaangukia chini ya shabaha.* Kabla ya kugusa darubini, fanya mtego wa hatua ya 7. Mara nyingi darubini haina kosa.

*Kidole gumba kinapiga pua.* Kiweke upande wa kulia wa kitako badala ya kukizungusha juu.

*Risasi tano za kwanza nzuri, za mwisho zimetawanyika.* Umechoka. Funga, nenda nyumbani, andika kwenye daftari uliishia ya ngapi. Wiki ijayo ishia moja kabla ya hapo.

*Masikio yanalia jioni.* Viziba havikukaa vizuri. Miwani yenye miguu minene huacha mwanya.

*Umefyatua, haikulia.* Usifungue. Shikilia mtutu kuelekea shabaha, hesabu sekunde 60, ndipo ukoki kuitoa, uso ukiwa pembeni. Fataki nyingine huchelewa.

*Imelia kama puto, teke halipo.* Usipige nyingine kwa hali yoyote. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu. Toa magazini, acha bolti wazi, mwite msimamizi, na mtutu uchunguliwe kutoka nyuma kwa tochi kabla ya kitu kingine chochote.